Mvua ya Mei si Msalaba

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, parokia zetu za magharibi mwa Kenya huanza kuandikisha majina ya watakaokwenda kwa miguu Namugongo, Uganda, walikochomwa mashahidi. Na kila mwaka mtu husimama kwenye kikao cha maandalizi akauliza tutalala wapi mvua ikinyesha, au baada ya Iganga maji ya kunywa yanapatikana wapi. Jibu huwa lile lile: "Mashahidi walichomwa moto, wewe unaogopa mvua?" Watu hupiga makofi, aliyeuliza huketi, na swali lake huishia hapo.

Nimetembea njia hiyo mara tatu kutoka Busia, kilomita zipatazo 200, kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Mwaka wa tatu nilitembea na shangazi yangu, na tangu hapo maneno yale hunichoma kila ninapoyasikia. Nimeyasikia kwa makatekista, kwa mapadre, redioni, na kwa watu wema ninaowapenda. Ni maneno ya makosa, na yana madhara. Nitayajibu hoja kwa hoja, lakini kwanza niyaseme kama wenyewe wanavyoyasema.

Wanasema hija ni sala ya mwili. Anayepanda basi asubuhi akashuka Namugongo jioni amesafiri. Anayetembea siku nane ametoa kitu. Mvua, jua na msongamano humvua mtu majivuno, maana mwalimu na kibarua hupakwa tope moja na kulala sakafu moja. Ukimwondolea hujaji taabu umemwondolea hija yenyewe, na kinachobaki ni utalii wenye rozari. Umati mkubwa nao ni ushahidi kwamba damu iliyomwagika mwaka 1886 bado inazaa matunda. Kwa hiyo anayehesabu watu, anayeulizia hali ya hewa, anayetaka kujua vyoo viko wapi, huyo imani yake ni haba. Hayo ndiyo maneno yao, na sijayapunguza.

1. Kuni zilikuwa za Mukajanga

Nianze na mashahidi, maana ndio wanaotumiwa kutunyamazisha. Wanaokumbukwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda. Kundi kubwa lilichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Walitolewa Munyonyo wakiwa wamefungwa, wakaswagwa kwa miguu, na wengine waliuawa njiani kabla ya kufika. Njia ile hawakuichagua, wala moto ule. Walichochagua ni kutoikana imani yao. Adhabu ya uchaguzi huo ilipangwa na watu wengine, na kuni zilikusanywa kwa amri ya Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka.

Sasa mwandalizi wa msafara anaposimama na kusema kwamba taabu za njiani ni namna ya kuwakumbuka mashahidi, namwomba akisome kisa upya. Katika kisa kile, aliyekuwa na kazi ya kuandaa mateso ni nani? Hakuna shahidi hata mmoja aliyempelekea mwenzake kuni.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi kwenye mahubiri. Miongoni mwa waliokufa siku ile alikuwemo Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa na Mukajanga kama mwanawe. Mukajanga alimbembeleza aikane imani, akakataa. Aliposhindwa, aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, ndipo mwili utupwe motoni, ili asiusikie moto. Hata mkuu wa wauaji alitafuta namna ya kumpunguzia mtoto wake maumivu. Sisi tunaojiita watoto wa mashahidi tunawaambia mama zetu kwamba maumivu yao ni zawadi, wakaze mwendo.

2. Mvua inajulikana tangu Januari

Hija ya Makka huifuata kalenda ya mwezi, hivyo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Babu huikuta wakati wa jua kali na mjukuu akaikuta wakati wa baridi. Yetu haihami. Ni tarehe 3 Juni, na masika ya eneo la Ziwa Viktoria huanza Machi na kuburuta mkia wake hadi mwisho wa Mei. Anayetoka Busia huondoka wiki ya mwisho ya Mei. Anayetoka Mbarara, kilomita 270 hivi, au Gulu, zaidi ya 300, au Bukoba kwa ndugu zetu wa Tanzania wanaovukia Mutukula, huondoka mapema zaidi. Wote hawa wanaingia kwenye mvua ambayo mkulima yeyote angewatajia siku zake.

Jambo unaloweza kuliandika kwenye kalenda mwaka mzima kabla halijafika haliwezi kuitwa jaribu lililotujia ghafla. Likimkuta mama wa miaka sitini hana turubai, ni kwa sababu kikao kilikaa, kikajadili turubai, kikaamua kutonunua. Nilikuwepo kwenye kikao kama hicho. Fedha zilikuwepo. Zilinunua vipaza sauti.

Na tuseme wazi mvua inamfanya nini mtembeaji. Soksi ikishalowa, ngozi ya mguu hulainika kama muhogo uliorowekwa, na ndani ya saa mbili malengelenge yanapasuka. Anayevaa ndala hukatwa na kamba zake. Nguo zilizolowa usiku, hata huku karibu na ikweta, humtetemesha mtu hadi asubuhi, na mtu aliyekesha akitetemeka ndiye tunayemwamsha saa kumi alfajiri atembee gizani kando ya malori ya miwa na matangi ya mafuta, kwenye ukingo wa lami wenye upana wa mtu mmoja. Dereva mwenye kioo kilichojaa maji hamwoni. Hatukuwa na fulana za kung'aa. Tulikuwa na nyimbo.

Kisha kuna radi. Pande hizi za ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kiryandongo ndiyo wilaya wanayoipita mahujaji wanaotoka Gulu. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, radi iliua watu 14, wengi wao watoto, wakiwa wamekusanyika kwa sala. Wanaosema mvua ni kipimo cha imani wawatazame watoto wale. Walikuwa wanasali. Ni swali gani waliloshindwa kulijibu? Sitaki kusikia jibu la mtu anayedhani lipo. Nataka kusikia kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika, msafara mzima unaingia ndani ya jengo, na hakuna mwenye kipaza sauti atakayeutoa humo kwa kuwaambia watu wajipe moyo.

3. Umati

Tunapenda sana kutaja ukubwa wa umati. Kila mwaka tunataka uwe mkubwa kuliko mwaka jana, na idadi hutangazwa kama mavuno. Lakini umati ni miili, na miili ikibanana huwa na tabia zake, iwe imekusanyika kwa ajili ya mpira au kwa ajili ya Mungu. Watu wakifika sita au saba kwenye mita moja ya mraba, hakuna anayetembea tena kwa hiari yake. Msukumo unaotoka nyuma hupita mwilini kwa mtu hadi kwa mwingine kama wimbi. Wengi wanaokufa namna hiyo hawakanyagwi. Hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hata hakiwezi kuvuta pumzi.

Niliuona mwanzo wa mambo hayo katika parokia moja ambayo sitaitaja. Mvua ilianza magharibi, na sisi tuliokuwa uwanjani tukakimbilia ukumbi wenye mlango mmoja. Waliokuwa mbele walisimama kujifuta. Waliokuwa nyuma, wakilowa, walisukuma. Nilisikia mbavu zangu. Mtoto alinyanyuliwa juu ya vichwa akapitishwa mkono kwa mkono, na mwenzangu aliyekuwa ubavuni mwangu aliacha kuimba kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuimbia. Ilidumu labda dakika tatu, kisha kuna aliyevunja dirisha la pembeni watu wakapata pa kutokea. Asubuhi tuliambiwa tumshukuru Mungu kwa ulinzi wake. Nilimshukuru, na nikamshukuru aliyevunja dirisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini ukumbi ule ulitegemewa na watu wengi kiasi kile.

Waislamu wameyapitia haya kwa gharama kubwa, na tungeweza kujifunza kwao badala ya kungoja zamu yetu. Januari 2006, watu wasiopungua 346 walikufa Mina, karibu na Makka, kwenye daraja la Jamarat. Hakuna mwanachuoni aliyesema hija ipunguzwe utakatifu. Wahandisi walilibomoa daraja, wakajenga lingine la ghorofa kadhaa, watu wakatenganishwa kwa njia za kuingia na za kutoka. Mwaka 2015 mauti yalirudi, safari hii barabarani, makundi mawili yalipokutana katika njia ya kwenda huko: serikali ya Saudia ilitaja waliokufa 769, na hesabu za waandishi wa habari waliokusanya taarifa za nchi za mahujaji zilipita 2,400. Panapojengwa vizuri watu wanapita. Pasipopangwa wanakufa. Imani ya waliopita na ya waliokufa ilikuwa ile ile.

4. Anayelipa

Hapa ndipo maneno yale yananiuma zaidi. Wanasema mvua hutusawazisha sote. Si kweli, na kila aliyetembea anajua si kweli.

Mwenye fedha ana koti la mvua na viatu vya akiba, na akichoka ana nauli ya boda hadi kituo cha mbele. Mwenye cheo hupokewa kwa gari na kuketi chini ya hema. Anayebaki kwenye mvua na nguo moja ni yule ambaye kutembea kwake hakukuwa uamuzi wa kiroho peke yake, maana nauli hakuwa nayo. Hayo yalionekana Makka, Juni 2024, joto lilipofika nyuzi 51.8. Saudia ilitangaza vifo 1,301, na katika kila waliokufa 100, 83 walikuwa watu wasio na kibali, waliotembea masafa marefu juani bila mahali pa kujikinga. Wenye vibali walikuwa na mahema yenye viyoyozi na mabasi. Jua lilikuwa moja, lakini vifo havikugawanywa sawa.

Na wanawake. Kwenye kikao nilichokitaja wanaume walikuwa tisa, mwanamke mmoja, naye alikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Hakuna aliyefikiria vyoo, kwa sababu mwanamume husogea kando ya barabara akamaliza. Mwanamke aliye kwenye msafara wa watu mia sita, mashamba ya miwa upande huu na barabara kuu upande ule, hufanya hesabu nyingine: hanywi maji. Shangazi yangu aliifanya hesabu hiyo siku ya sita. Tulipoingia msitu wa Mabira hakuwa amekunywa kitu tangu alfajiri, na jua la baada ya mvua lilikuwa linafukiza lami. Nilimpa chupa, akaipokea, akalowesha midomo, akairudisha. Nilidhani anafunga.

Karibu na Lugazi aliketi chini akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yangu. Tulimpakia kwenye pikipiki. Daktari aliyempokea alimwekea dripu na kuniambia figo zilikuwa zimeanza kuteseka. Aliniuliza kwa hasira mama huyu amekaa muda gani bila maji, nami sikuwa na jibu. Alipopata fahamu nilimuuliza mwenyewe. Akanitazama kama anayemwonea mtoto huruma. "Mwanangu, ningejisitiri wapi?"

Alikaa hospitalini siku nne. Tarehe 3 Juni alisikiliza misa kwa redio ya muuguzi. Gharama ililipwa na jumuiya yetu kwa mchango na kwa mbuzi wawili waliouzwa, na kwa sababu alirudi dhaifu hakupalilia. Maharagwe ya mwaka ule yalimezwa na magugu. Hakuna mahali ambapo gharama hii imeandikwa. Kwenye ripoti ya msafara, niliyoisoma, imeandikwa kwamba mahujaji wote walifika salama isipokuwa wachache waliopata uchovu.

Tangu hapo nimewauliza wanawake wengi waliotembea. Wengi wamenipa jibu la shangazi, wakiwa wameinamisha macho. Wengine walitaja maumivu ya kukojoa yaliyowasumbua majuma kadhaa baada ya kurudi. Walikuwa wameyaita sadaka kwa sababu waliambiwa wayaite hivyo, na kwa sababu kuyaita kwa jina lake kungekuwa aibu.

5. "Mtaigeuza utalii"

Hoja hii hutolewa kama ya mwisho, na hudhani kwamba zamani, imani ilipokuwa na nguvu, mahujaji waliachwa wateseke. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Kwenye kila njia kuu ya hija, waumini wa zamani walitumia mali zao kupambana na hali ya hewa.

Zubayda binti Ja'far, mke wa Harun al-Rashid, alitoa mali yake kwa ajili ya visima, mabirika na vituo vya mapumziko kwenye njia ya kutoka Kufa hadi Makka, zaidi ya kilomita elfu moja za jangwa, na akawapelekea watu wa Makka mfereji wa maji. Njia hiyo inaitwa Darb Zubayda hadi leo. Jina lake limekaa miaka 1,200 kwa sababu aliwanywesha mahujaji. Hakuna anayemkumbuka mtu aliyewahubiria kwamba kiu ni thawabu.

Kwenye njia ya Santiago, Hispania, mlima unaotenganisha Saint-Jean-Pied-de-Port na Roncesvalles uliwaua mahujaji kwa theluji, na katika karne ya 12 hospitali ilijengwa Roncesvalles kwa ajili yao. Leo, kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Machi, mamlaka za Navarra huifunga njia ya juu ya mlima. Watu hupitia bondeni, na anayekaidi anaweza kutozwa faini. Hakuna aliyesema kwamba waliopita bondeni hawakuhiji.

Iraki, kutoka Najaf hadi Karbala, kilomita zipatazo 80, mamilioni ya Mashia hutembea siku za Arbaini kumwomboleza mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala akiwa amenyimwa maji, miaka ya karibuni katika joto la Agosti. Kuna Mashia wa jamii ya Khoja wa Dar es Salaam na Mombasa waliokwenda, na wanachosimulia kwanza ni mawkib: mabanda ya watu wa kawaida yaliyopangana njia nzima, wakitoa maji, chakula, kivuli na pa kulala bila malipo, wengine wakiwakanda wageni miguu. Wengi hutembea usiku kulikwepa jua. Huzuni ya Karbala ni kuu kuliko huzuni nyingi, na kiu ni kiini cha kisa chenyewe. Hata hivyo, au kwa sababu hiyo hiyo, wanaoikumbuka wanahakikisha hakuna anayetembea na kiu.

Kwetu pia moyo huo upo, ila umeachiwa bahati. Nje kidogo ya Iganga mama mmoja muuza nguo aliwafungulia wanawake wa msafara wetu ua wake na choo chake, akakaa mlangoni na ndoo ya maji. Yeye ni Mwislamu. Hakuna parokia iliyompangia zamu hiyo.

6. "Mwenye woga abaki nyumbani"

Hili nitalijibu kwa ufupi. Simwambii mtu abaki nyumbani, wala sitaki njia iwe tupu, na sina ugomvi na miguu kuuma, kwa sababu kilomita 200 ni kilomita 200. Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: makundi yasiyozidi mia, yakiachana kwa nusu saa, turubai na fulana za kung'aa kabla ya vipaza sauti, mahali palipokubaliwa pa choo na maji kila kilomita saba au nane, pakikaguliwa na wanawake, gari moja la nyuma kwa waliochoka, kusimama radi ikianza, na ripoti inayotaja kila aliyelazwa hospitali.

Na wanaoniambia kwamba kudai hayo ni kutowaheshimu mashahidi, nawakumbusha kilichotokea Oktoba 1885. Askofu Mwanglikana James Hannington alikuwa akija kwa miguu kutoka pwani ya Kenya, akapita nchi ya Busoga, na huko akauawa kwa amri ya Mwanga. Jumbani alikuwepo mtumishi Mkatoliki, Joseph Mukasa Balikuddembe. Hannington hakuwa wa dhehebu lake. Balikuddembe alimkabili Kabaka, akamwambia amekosea kumuua mgeni aliyekuwa njiani. Tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa, wa kwanza katika wale 22. Tukitoka Busia tunaikanyaga Busoga siku tatu nzima, tukiimba jina lake kwenye litania.

Shangazi ameandikisha jina lake tena. Kikao cha maandalizi ni Jumapili ijayo baada ya misa ya pili, na safari hii atakuja nami, tutakaa mstari wa mbele. Yeye atauliza kuhusu vyoo. Mimi nitauliza tutalala wapi.